Mlango wa Kuume

Mimi mtu wa Kaloleni, shule niliipita kwa nje, lakini hapa Majengo wananijua kwa rangi. Juzi Bi Salma, muuza halwa wa Mji wa Kale, kaniletea gari lake, Pijo. "Fundi, mlango wa kuume bandua stika, piga msasa, upake rangi. Ijumaa napeleka halwa ya harusi."

Bi Salma huendesha mwenyewe, mumewe hukaa kushoto. Nikaenda kushoto. Stika ya kulia ilikuwa imechanika, lakini hiyo haikunihusu. Hii ya kushoto ilikuwa mpya inang'aa. Nikasema wenye pesa wana yao. Nikaimwagia maji moto, nikaikwangua, nikapiga msasa bati likawa laini kama shilingi ya zamani.

Wakaja wote wawili, Bi Salma na mumewe. "Yallah! Si nilikwambia wa kuume?"

"Ndio huu, mama. Si ndipo anapokaa mume?"

Mzee akacheka hata kofia ikamdondoka. "Kuume ni kulia, fundi! Mimi gari hili hata mlango sina."