Akina Elinami Mmari niliowafuta

Leo nimegundua kwamba nimefuta wazee wawili kwa mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta.

Nilikuwa nachambua unyevu wa udongo wa vihamba, mashamba ya ukoo ya migomba, vya Old Moshi, ili ijulikane mabomba ya maji yaanzie wapi. Vipimo ni mamilioni, kwa hiyo nilitumia kompyuta za chuo zilizounganishwa pamoja, nikaandika kwa R, lugha ya kompyuta niliyojifundisha mwenyewe (inaonekana).

Kabla ya kuunganisha vipimo na wenye vihamba, nikaiamuru kompyuta ifute majina yaliyojirudia.

Huku kwetu, ambako mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu.

Binamu watatu wanaitwa Elinami Mmari. Nikabakiza mmoja.

Asubuhi mkutano wa kijiji umepitisha ramani yangu ya vihamba vikavu, mabomba yakapelekwa. Ndipo Elinami mwingine akanivuta pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kihamba changu sikioni hapo. Nimekufa lini?"

"Kompyuta ilidhani wewe ni binamu yako."

"Na wewe ulidhani nini?"



Nimerudia uchambuzi jioni hii. Kihamba chake ndicho kikavu kuliko vyote, na mabomba yameshafukiwa kwa binamu yake.

Kesho napanda kwake. Nikishamwamkia, niseme nini? Nisaidieni.