Mama Kioo na Fundi wa Gari Namba Nane

Saa tatu asubuhi, Mama Kioo ameshainamia meza. Jicho moja amelifumba, jingine amelibana kwenye kioo cha kukuzia kisichozidi kifuniko cha chupa. Chini ya kioo kuna picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: vumbi, watu wamejipanga nyuma ya kamba, na gari dogo la mashindano linakata kona gurudumu moja likiwa hewani.

"Watu huangalia uso wa gari," anasema bila kuinua kichwa. "Uso hubadilishwa kila likigongwa. Mimi naanzia mgongoni."

Jina hilo walimbandika wenzake hapa dukani na limemganda. Duka linauza picha za zamani, na yeye anafanya kazi chumba cha nyuma, chini ya feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Kazi yake ni kutambua magari adimu yaliyoshindana enzi hizo, yale yaliyoundwa mawili matatu kisha basi. Wanunuzi ni wenye magari hayo na watunzi wa vitabu. Picha ya gari lisilojulikana haina mteja, naye hulipwa kwa kila gari analolitambua.

"Mwezi mzuri unatosha kodi na dawa za macho za mama," anasema. "Mwezi mbaya, nikimwona mwenye nyumba nabadilisha njia."

Lakini si kodi iliyomweka kwenye kiti hiki mpaka nywele zikawa nyeupe. Mama Kioo hajawahi kuuona uso wa baba yake.

Baba alikuwa fundi wa gari la mashindano. Homa ilimuua wakati binti yake akiwa bado tumboni, na picha pekee ya harusi iliharibika siku paa lilipovuja. Leo aliyebaki duniani anayeijua sura yake ni mkewe, bibi wa miaka themanini na ushee, ambaye presha ya macho inamfungia mwanga kidogo kidogo. Daktari amesema kilichopotea hakirudi.

Basi binti akaamua kulitafuta gari. Akilipata gari, fundi hatakuwa mbali.

Magari ya aina ile yaliundwa matatu tu, yote usukani kulia. Lile la baba lilikuwa na alama moja: kiraka cha bati ubavu wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele. Asili ya bati hilo bado inamchoma mama mtu.

"Aliniomba sinia langu la harusi," anasimulia bibi, amekaa karibu na dirisha. "Lina maua ukingoni, zuri hilo! Nikadhani anataka kuwapakulia wenzake. Kumbe anakwenda kulikata! Nilimnunia, nikamnunia, mpaka akaniimbia."

Miaka ikapita. Kila gari la aina hiyo lililopita chini ya kioo lilikuwa na ubavu laini. Binti alirudi nyumbani mikono mitupu, na mama yake akawa anauliza lile lile hata kabla hajavua viatu: "Hajaonekana?"

Mwezi uliopita walihamisha makabati, na picha moja ikadondoka kutoka boksi la magari yenye usukani kushoto. Gari namba nane limesimama kando ya barabara, boneti wazi, watu wamelizunguka. Mama Kioo aliikumbuka. Ni yeye aliyeitupa kwenye boksi hilo zamani, kwa sababu ya usukani.

Safari hii aliwatazama watu.

"Wote wamevaa saa mkono wa kulia," anasema. "Wote! Nikajiuliza, hapa ni wapi ambapo kila mtu anatumia mkono wa kushoto?"

Akaichukua mbio hadi kwenye kioo cha bafuni. Aliyesafisha picha ile aliiweka filamu kinyume, na namba nane, hata ukiigeuza, inabaki nane. Mbele ya kioo usukani ulihamia kulia, na doa jeupe lililokuwa ubavu wa kulia wa gari likahamia wa kushoto. Akaweka kioo chake cha kukuzia juu ya doa. Ukingoni kulikuwa na maua.

"Nilikaa pale pale sakafuni," anasema. "Nilimkataa mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Wakati ule mama alikuwa bado anasoma gazeti."

Na fundi yupo. Ila amezama ndani ya boneti hadi mabegani. Kinachoonekana ni mgongo, shati lililochomoka kwenye suruali, na soli ya kiatu kimoja.

Siku hiyo hiyo aliipeleka nyumbani. Bibi aliisogeza picha mpaka ikakaribia kumgusa pua, akaitafuta nuru ya dirisha. Kisha akacheka.

"Ndiye! Shati nje! Kila siku namwambia, mwanamume wewe, chomekea, watu watasema mkeo hakutunzi." Akapitisha kidole juu ya ule mgongo, taratibu, machozi yakimtiririka. "Mwanangu, hebu mwambie ageuke."

Filamu za aliyepiga picha ile zipo stoo ya duka, kwenye mikebe ya bati, zimegandana kwa unyevu. Mwenye duka amemruhusu azishughulikie. Kila siku akimaliza kazi, Mama Kioo huloweka mkanda mmoja kwenye beseni la maji, na kuuachanisha kwa ncha za vidole, akihema polepole. Ukivutwa kwa pupa, picha inabanduka na kubaki kwenye mkunjo ulioshikana nao.

Mingi imeoza. Anaendelea.

"Mpiga picha hakubonyeza mara moja akaenda zake," anasema, akiinua mkanda unaodondosha maji kuelekea kwenye taa. "Na mtu hawezi kukaa ndani ya boneti siku nzima. Lazima aliinuka. Ninachoomba, akiinuka, mama awe bado anaona."