Anwani ya Ubavuni mwa Gari

Nyinyi chekeni tu, mimi nimeshajicheka mpaka mbavu zinauma. Karakana yangu ya madirisha ya aluminiamu iko Firq, karibu na Nizwa, na niliapa lazima iwe na tovuti yenye jina linaloishia na .om, la Oman hasa. Nikapeleka maombi kwa ofisi ya Maskati inayogawa majina hayo. Namba ya simu sikutoa; nani anapiga simu zama hizi za barua-pepe?

Nikangoja, jibu halikuja. Ami Seif, mdogo wake baba, akachemka. "Wanakudharau hao! Twende tukawaone uso kwa uso."

Tukavaa kanzu na vilemba, tukabeba bakuli la halua ya Nizwa, tukashika njia. Ubavuni mwa gari nilishaandikisha anwani yangu mpya ya barua-pepe, kwa jina lile lile nililoliomba.

Pale ofisini hata kahawa nilikataa. "Wallahi siondoki bila jibu!" nikafoka, ukumbi mzima ukageuka.

Binti wa mapokezi akanijibu taratibu, kwa Kiswahili cha bibi yake. "Kaka yangu, tumeshakuandikia si mara moja. Tunataka nakala ya leseni yako tu, tukufungulie jina."

"Mmeniandikia wapi?"

Akatugeuzia kompyuta. Ami Seif akavaa miwani, akaisoma kwa sauti anwani niliyoijaza kwenye maombi, kisha akachungulia dirishani, kwenye gari letu.

"Salim mwanangu," akasema, "barua zitakufikaje kwa jina ambalo hujapewa bado?"