Yule Mwanamke Hakuwa Akifua

Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na mmoja, na alipokataa kufuta sura ya tatu ya tasnifu yake, wote waliomjua walisema kwa kauli moja: huyu sasa kazi yake imeisha. Wanafunzi wenzake wa uzamili walimwita Mama Mkasi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli. Jina lilimkaa vizuri, maana ulimi wake ulikuwa unakata.

Kichina alikianzia kiwandani, alikoshona sare za wafanyakazi. Maboksi ya nyuzi yaliandikwa kwa herufi za Kichina, naye hakuwa na subira ya kufungua maboksi kumi akitafuta uzi mweusi. Akamuuliza mkuu wa zamu, mama mmoja kutoka China: hii ni nini, na ile je? Jamani, mtu wa namna hiyo ukimwonjesha umekwisha. Aliingia masomo ya jioni, akapata shahada ya kwanza, akaongeza Kijapani juu yake, na mwisho akajikuta ameketi darasa moja na vijana anaoweza kuwazaa. Miaka tisa hiyo, na cherehani haikulala.

Sasa ugomvi. Kulikuwa na shairi la kale la Kichina, mistari minane tu. Mume amepelekwa kulinda mpaka, baridi inakaribia, na mkewe anapiga nguo kwa gogo. Profesa aliyekuwa msimamizi wa Mama Mkasi alilitafsiri miaka ishirini iliyopita, na kwenye tafsiri yake mwanamke anafua mtoni huku analia. Tafsiri hiyo ndiyo iliyofundishwa. Vizazi vya wanafunzi vimefua pamoja na yule mwanamke, na hakuna aliyeuliza sabuni iko wapi.

Mama Mkasi akapata picha za nakala ya shairi hilohilo, iliyokuwa mali ya msomaji mmoja wa Japani ya zamani. Wasomaji wa kule walikuwa na desturi yao. Kichina chenyewe hawakukigusa. Walitia vialama vidogo pembeni mwa herufi kuonyesha neno lipi lisomwe kwanza na lipi lisubiri, mpaka maneno yakae Kijapani. Huyu alifuata desturi hiyo, kisha ukingoni mwa ukurasa akaandika neno lake mwenyewe: kitambaa bado hakijakatwa.

Mama Mkasi alicheka maktabani hadi mkutubi akamkanya. Hakijakatwa! Nani anafua nguo ambayo haijashonwa? Kitani kipya ni kigumu, kinatwangwa kwanza kilainike, ndipo kikatwe. Mwanamke yule alikuwa anamtengenezea mumewe nguo ya baridi. Huenda alilia, lakini alikuwa kazini.

Akayaandika hayo kurasa ishirini, akampelekea Profesa. Profesa akamrudishia kesho yake.

"Mama, hii sura ifute," alisema bila kumtazama. "Vinginevyo saini yangu huipati."

Bila saini ile, fomu ya kuwasilisha tasnifu isingepokelewa, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa. Baada ya hapo jina lake lingefutwa chuoni, basi.

Dada yake alimfuata kibandani alikoshonea. "Mdogo wangu, futa. Kurasa ishirini kitu gani? Pata cheti kwanza, utaziandika baadaye."

"Dada, mtu akishazoea kufuta haandiki tena."

"Watakufukuza!"

"Na wanifukuze. Maji nimeshayavulia nguo."

"Basi angalia usibaki uchi."

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyekuwa na furaha. Mama Mkasi aliogopa, msije mkadhani alikuwa jiwe. Lakini kila alipofikiria kumrudisha yule mwanamke mtoni akafue nguo ambayo haipo, hasira ilimpanda kuliko hofu. Liwalo na liwe, akaandika barua kwa mwenyekiti wa jopo la watahini kuomba asikilizwe.

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia chumba cha mikutano na nyundo ya mbao, ubao na vipande viwili vya kitani kipya. Mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikaa katikati. Profesa alikaa kando, mikono kifuani. Mama Mkasi akaweka kipande kimoja juu ya ubao na kuanza kukitwanga. Vikombe vya chai vikarukaruka.

"Hapa si karakana!" Profesa akafoka.

"Ndiyo maana mmekosea," alijibu, akaendelea kutwanga.

Alipomaliza akamsogezea Profesa vipande vyote viwili. Profesa hakuvigusa. Mwenyekiti akavishika, hiki kwa mkono huu na kile kwa mkono ule, akavikunjakunja, kisha akageuka.

"Profesa, msimamizi akikataa kusaini ni lazima aandike sababu na ukurasa. Kosa liko ukurasa gani?"

Profesa akafungua tasnifu. Akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Sura hiyo sikuisoma yote," alisema.

"Umesoma hadi wapi?"

Akaifunga tasnifu. "Kichwa cha sura."

Loo! Hata karani aliyekuwa anaandika kumbukumbu aliacha kuandika.

"Basi sababu huna," mwenyekiti akasema. "Saini. Kama hukubaliani, andika hivyo hapo chini, nafasi ipo."

Profesa akasaini, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: SIKUBALIANI. Akaisukuma fomu mezani. Mama Mkasi akaisoma taratibu, kwa utulivu wote.

"Kukubali sikukuomba, Profesa," alisema. "Nilikuomba usome."

Akaichukua fomu, akampa karani aigonge muhuri.