Libaya ya Kupandia Ndege

Wanawake wa mtaa wetu wa Majengo waliosafiri na ndege wakati uwanja wetu wa Goma ulikuwa ungali wazi, wengi walipitia kwanza kwa Mama Perpétue.

Mama Perpétue Nyiransabimana ni fundi wa nguo. Mashine yake iko kwenye baraza ya nyumba ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano. Uwanja uko karibu sana: zamani ndege ikiruka alikuwa anatoa mguu kwenye mashine na kungojea ipite, juu ya kuwa nyumba ikitetemeka mushono unapinda. Tuko naye katika shirika moja la kanisa. Kila Alhamisi mchana tunasali rozari nyumbani kwa mumoja wetu. Ni mutu mwema, mwenye sala, na kama ana kosa ni hili moja tu: kuhusu nguo za ndege, hakubali kufundishwa na mutu.

Yeye mwenyewe hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Tukimukumbusha hilo, alisema padri anatufundisha mambo ya ndoa na hakuna anayemuuliza bibi yake yuko wapi. Tulimukaripia juu ya neno hilo, lakini tulicheka.

Ujuzi wake aliutoa kwenye waya. Wakati ule, mukisindikiza mutu hamukuingia naye ndani. Mulizunguka mpaka kwenye waya wa uwanja, mukapanda juu ya mawe, mukaangalia. Na pale unaona nini? Unaona musafiri anatoka kwenye nyumba ya uwanja, anatembea kuelekea ndege, anapanda ngazi, mulango unamumeza. Kwa miaka kumi na tano Mama Perpétue alisindikiza wateja wake namna hiyo. Basi alijua safari ya ndege jinsi alivyoiona: ni migongo inayopanda ngazi.

Ndiyo maana libaya zake, yaani ile nguo ya juu mwanamuke anavaa na kikwembe, kitambaa cha maua cha kujifunga chini, mbele hazikuwa na kitu. Zilikuwa tupu kama meza ya shule. Kazi yote ilikuwa mugongoni: mustari wa vifungo vilivyofunikwa na kitambaa, vigumu kama maharagwe makavu, na chini kwenye kiuno fundo kubwa la kikwembe aliloliita kipepeo. Ndani yake alijaza sponji ili kisilale. Ukipanda ngazi, kipepeo kilicheza kushoto na kuume, na sisi kwenye waya tulijua huyo amevalishwa na nani.

Muteja akiuliza kwa nini mbele hakuna hata ua moja, alimujibu polepole, kama mutu anayeonea wengine huruma: "Mama, ukipanda, mbele yako kuna nini? Kuna ngazi tu."

Sasa, mutoto wake Gradi anafanya kazi Kinshasa. Mwaka 2023 alipata muchumba huko, Bénita, na familia mbili zikasikilizana kwamba Mama Perpétue aende kuwaona kabla ya ndoa. Gradi, kama watoto wote wanaopenda mama yao, alikuwa amejisifu sana. Aliwaambia kwamba mama yake ndiye anavalisha wasafiri wote wa Goma. Mama ya Bénita ni mutu wa kupenda kuvaa. Akajibu kwa simu kwamba ni muzuri: yeye na dada zake watakuja kumupokea kwenye uwanja, wataona libaya atakayokuwa amevaa. Ikiwapendeza, Mama Perpétue ndiye atachagua mushono wa mama wote siku ya arusi. Isipowapendeza, wao wana fundi wao.

Tangu simu hiyo, Mama Perpétue alikuwa anashona na kufumua, anashona na kufumua. Shirika lilimupa mashauri. Mumoja alisema avae triko ya sufu, juu kule ndani ya ndege kuna baridi. Mwingine alisema viatu vya wazi, juu miguu inavimba. Alitushukuru wote vizuri, na hakufuata hata shauri moja. Alichagua kikwembe cha manjano na bluu, akatia vifungo ishirini mugongoni, na kipepeo kilikuwa kikubwa kama kuku anayelalia mayai.

Siku ya kuondoka tulikuwa wote kwenye waya. Alipanda ngazi polepole, kwa kusudi, na watu nyuma yake wakangoja. Kwenye kipandio cha mwisho alisimama bila kugeuka, ili tumalize kuangalia. Tulipiga vigelegele. Alikuwa muzuri kweli.

Yanayofuata alituhadisia yeye mwenyewe.

Anasema kipepeo kilifika kwenye kiti kabla yake. Alipokaa, kilimusukuma mbele, akabaki kwenye ncha ya kiti kama mugeni asiyejua kama atapewa chai. Musichana wa ndege akaja kumuomba aegemee vizuri na kufunga mukaba. Akaegemea, na vile vifungo ishirini vikaanza kuhesabu mifupa ya mugongo wake. Kwanza aliona ni kosa la kiti. Alimwambia jirani yake, papa mumoja muzee aliyeitwa Barthélemy, kwamba wenye ndege walinunua viti vibaya. Papa Barthélemy akasema cha kwake ni kama kiti cha saluni ya kupokelea wageni nyumbani kwake. Basi Mama Perpétue akatoa rozari, akasali akiwa ameinama, mpaka Kisangani.

Kisangani ndege ilitua kuchukua watu wengine. Wale wanaoendelea Kinshasa walibaki ndani. Aliangalia kwenye dirisha na kuona wasafiri wapya wanatoka kwenye nyumba ya uwanja. Walikuwa wanakuja. Na walikuwa na nyuso. Katika maisha yake yote hakuwa ameona watu wa ndege kutoka mbele. Katikati yao kulikuwa mama mumoja mwenye libaya ya kijani, kifua kizima kimetariziwa maua, mugongo laini kama jani la ndizi. Yule mama aliingia, akakaa upande wa pili, akaegemea, na kabla hawajafunga mulango alikuwa amelala.

Hapo ndipo Mama Perpétue aliona kitu kingine, na anasema jasho lilimutoka hata na baridi ile ya ndege. Aliona mama ya Bénita na dada zake wamesimama Kinshasa, wanaangalia mulango. Hawatakuwa nyuma yake. Watakuwa mbele.

Ndege iliporuka tena na taa ya mukaba ilipozimika, aliomba njia kwa Papa Barthélemy akaenda choo. Anasema choo cha ndege ni kidogo kuliko kiungamio cha parokia yetu. Alivua libaya, akaigeuza, mugongo ukaja mbele. Haikuingia, juu mugongo haukukatiwa kifua. Wembe wake wa kufumulia walikuwa wameuchukua Goma kwenye ukaguzi. Basi alikata nyuzi za mbavuni na meno, moja moja, akatoa kitambaa alichokunja ndani. Kila mara anaacha kingi, juu anasema Mungu anaweza kukunenepesha wakati wowote. Akashikisha pande zile na pini za nywele. Akatoa sponji yote ndani ya kipepeo, kikalala kwenye tumbo kama ua. Halafu, kwa mara ya kwanza, mutu alijifunga vifungo vya Mama Perpétue bila kuita jirani amusaidie.

Nje walikuwa wanagonga. Musichana wa ndege aliuliza kama mama anagonjwa. Alijibu kwa utulivu kwamba anashona.

Kinshasa alishuka na vifungo ishirini mbele, mikono imebanwa mbavuni kuficha pini. Mama ya Bénita alimuangalia kutoka shingo mpaka kiuno. Akashika kifungo kimoja na vidole viwili, akakigeuza. Halafu akauliza mushono huo unaitwa namna gani.

Mama Perpétue hawezi kudanganya. Alisema, "Unaitwa Kisangani."

Siku ya ndoa, mama wote wa pande mbili walivaa Kisangani.

Alhamisi ya kwanza kisha kurudi kutoka safari ile, ndoa ikiwa bado, alitueleza haya yote, na tulicheka mpaka rozari ikachelewa. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama Christa, weye ulienda Lubumbashi na libaya yangu. Ulikaa namna gani?"

"Nilikaa nimeinama," nikasema. "Papa wa pembeni alifikiri ninasali. Akaniomba nimukumbuke na yeye."

Wengine walicheka tena. Yeye hakucheka.

"Na uliporudi uliniambia nini?"

"Nilikuambia ilikuwa muzuri sana."

Nilimweleza kwamba siku ile nilimukuta amesimama kwenye baraza ananingoja, na macho yake yalikuwa yameisha kujijibu. Sikupata nguvu ya kumuambia ukweli. Nilipotafuta musaada kwa wengine, niliona vichwa vyote vimeinama. Tulikuwa watano tuliopanda ndege katika shirika lile, na wote watano tulikuwa tumesema muzuri sana.

"Munasali na miye kila juma," akasema, "na muliniacha nitese watu miaka kumi na tano." Akatuambia tulete zile libaya kesho yake.

Tulileta. Nilifikiri atazichukua tu na kutuaga. Lakini alikuwa amepanga viti vitano vya mbao kwenye baraza, akatuambia tuzivae, tukae, tuegemee vizuri kama ndani ya ndege, na kungoja zamu. Alimuita mumoja mumoja, akatoa vifungo vya nyuma taratibu, akavipeleka mbele, bila haraka yoyote, akituuliza habari za watoto.

Mimi alinifanya wa mwisho.