Siku Dani Alipokoroma

Nilipokuwa mtoto kule Kisian, mtu asiyelala usiku hakuulizwa anaumwa nini. Jina lake lilikuwa tayari: jajuok, mchawi anayekimbia uchi gizani, akirusha changarawe juu ya mabati ya watu. Usicheke. Ukilelewa kando ya ziwa letu, hata uwe na digrii, bati likigongwa usiku utajifunika shuka kwanza, halafu ndipo uikumbuke digrii yako.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mama mcheshi wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Otonglo. Kisha akapigwa na kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mguu wa kushoto uliburuta, maneno yalitoka nusunusu, na usingizi ulikuwa umemhama kabisa. Mchana alisinzia kitini. Usiku alishika fimbo yake akazunguka boma, mguu ukikwaruza chini, mpaka jogoo awike.

"Nikilala chali naona kama nitakufa, nyakwara," aliniambia. Nyakwara ni mjukuu kwa lugha yetu. "Afadhali nitembee."

Majirani waliusikia ule mkwaruzo. Mama Risper, ambaye tulitenganishwa naye na ua wa michongoma tu, hakusema neno mbele yetu. Alisema kisimani, akasema sokoni, kwamba Dani amekuwa jajuok. Lisemwalo lipo, wakaitikia wenzake.

Kwetu wajukuu hulala nyumbani kwa nyanya yao. Huko ndiko tulikopata hadithi, vitendawili na adabu zetu zote. Basi shangazi na mama wadogo wakaanza kuwaondoa watoto wao mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake: huyu ana kikohozi, yule ana mtihani. Nikabaki peke yangu. Kila jioni Dani aliendelea kutandika mikeka yote kwa mkono wake mmoja mzima, na kila asubuhi akaikunja ikiwa haijalaliwa. Iliniuma sana kumtazama.

Mimi sikuondolewa kwa sababu mama yangu alikuwa mwalimu, na mambo hayo hakutaka hata kuyasikia. "Jajuok ni ujinga," alisema. "Huyu ni mgonjwa." Ajabu ni kwamba yeye na mkwe wake hawakuiva chungu kimoja. Dani alimwita Nyar Maseno, binti wa Maseno, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Chumvi ya Nyar Maseno ilizidi, ugali wa Nyar Maseno ulikuwa uji.

Mwanamke aliyemfanyisha Dani mazoezi ya mguu hospitalini ndiye aliyetuambia habari za akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini. Kulikuwa na daktari mmoja mjini Kisumu aliyeisomea. Wengine waliopigwa na kiharusi walisema iliwasaidia kulala. "Jaribuni, lakini dawa za presha msiache hata siku moja," alituonya.

Daktari Awuor alikuwa mama mnene, mpole, anayeongea Kijaluo kama sisi. Alimwonyesha Dani sindano, nyembamba kama unywele. Dani hakuogopa kuchomwa. Aliogopa kitu kingine.

"Zikitoka kwa mwili yangu, zinabaki na nani?"

"Zinatupwa kwa hii boksi, Mama, halafu zinachomwa."

"Nani anachoma?"

"Kuna watu wa kazi hiyo."

"Mimi siwajui hao." Akaichukua fimbo yake. "Twende nyumbani."

Mtu wa mjini angeona ni ukaidi wa uzee. Lakini kwetu hata kucha hukati ukaziacha kwa mgeni, sembuse chuma kilichoingia mwilini mwako. Kitu kama hicho kikishikwa na adui umekwisha. Daktari alielewa, ila hakuwa na la kufanya. Hangeweza kutupa sindano zilizotumika tubebe kwenye kikapu.

Mama akapandisha mkono wa blauzi yake. "Daktari, nianze mimi."

Akachomwa sindano moja kwenye kifundo cha mkono, akatulia, ikatolewa, ikatumbukizwa kwenye boksi. Akamgeukia mkwe wake. "Sasa yangu iko ndani. Zako zikiingia zitakuwa pamoja. Wakituroga, waturoge wote wawili."

 Dani akacheka, mdomo ukienda upande mmoja. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu augue. Akapanda kitandani, akawekewa sindano utosini, masikioni, mikononi na miguuni. Kabla sijamaliza kumshangaa, nikasikia kitu kama mashine ya posho ikisaga mahindi. Dani alikuwa anakoroma! Mama alijiziba mdomo na kitambaa, na sikujua kama analia au anacheka.

Tulirudi tena na tena. Usingizi ulikuja kidogokidogo, kama mgeni mwenye haya, na mwishowe ukazoea nyumba. Fimbo ikalala pembeni usiku kucha.

Mnadhani majirani walifurahi? Wapi! Mama Risper alikuwa na jibu. "Hizo sindano zimemwongezea nguvu. Sasa anakimbia bila kuburuta mguu, ndio maana hatumsikii." Wakakubali. Ungewashinda vipi watu wa namna hiyo? Mikeka ikaendelea kutandikwa na kukunjwa. Mama aliposimuliwa maneno hayo alinyamaza tu, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Halafu usiku mmoja changarawe zilinyesha juu ya bati la Mama Risper. Nilishtushwa na kelele zake, kisha mlango wetu ukagongwa kwa nguvu. Nilifungua. Aliingia na tochi na wanawake wengine nyuma yake, wakijua kabisa kitanda cha Dani kitakuwa kitupu. Mwanga wa tochi ukamwangukia Dani usoni. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama kawaida. Na wakiwa wamesimama pale pale, changarawe zikanyesha tena kule ng'ambo ya ua.

Siku iliyofuata Mama Risper alizunguka soko zima la Otonglo akitangaza.

"Yaye! Nimemwona na macho yangu! Mama wa watu amelala kama gunia, na ile kitu iko kwa bati yangu inarusha mawe! Tumemsingizia bure, Nyasaye atusamehe!"

Jioni hiyo watoto walirudi na mablanketi yao, wakigombania nafasi, na Dani akatuambia hadithi mpaka maneno yakamwisha.

Lakini kuna jambo la asubuhi ile, baada ya usiku wa changarawe, ambalo sikulielewa. Mama alipomletea Dani chai, Dani alimshika sketi, akamketisha, akaanza kumtoa kishonanguo, zile mbegu zinazonata nguoni ukipita vichakani. Pindo lilikuwa limejaa. Alitoa moja moja kwa mkono wake mzima, polepole, bila kuuliza kitu.

Dani alituacha miaka mingi baadaye, akiwa usingizini. Mwaka huu, nikimsaidia Mama kuchambua mboga, nilimuuliza waziwazi kama ni yeye aliyerusha changarawe usiku ule. Hakukana.

"Na ungeshikwa?"

"Ningeitwa jajuok mpaka kaburini," alisema, akiendelea na mboga zake. "Na wewe ungeolewa na nani?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kama usingizi wa Dani uliletwa na sindano, au na kule kulazwa na kushikwa kwa upole na mtu asiyemwogopa, sijui. Daktari Awuor mwenyewe hakuwahi kutuahidi. Ninachojua ni kwamba mwalimu asiyeamini jajuok aliingia gizani akawa jajuok, ili mkwe asiyempenda apate kulalia jina safi.

Ila nimekosea kusema hakumpenda. Tangu asubuhi ile ya kishonanguo sikumsikia Dani akimwita Nyar Maseno tena. Alimwita nyara, binti yangu, na ugali wake akaumaliza wote.