Pua Yangu na Birika la Kahawa

Enzi za Mwingereza nilinunua asali Tabora kwa kunusa tu, na sikukosea. Siku moja mafua yaliniziba pua, na wauzaji wa asali kutoka kijiji cha Goweko walikuwa njiani. Jirani yangu Mhindi, aliyesafisha pua kila asubuhi kwa kibirika cha maji ya chumvi, akanielekeza: "Inamisha kichwa, mimina maji tundu hili la pua, yatokee lile."

Kibirika chake nilikikataa, nikatumia birika langu la kahawa ya tangawizi bila kulisuuza. Tangawizi ikanipanda mpaka utosini. Nilipiga chafya mpaka kuku wakakimbia, lakini pua ikazibuka.

Wauzaji walipofika, nikanusa debe la kwanza. "Wezi nyie! Mmetia tangawizi!"

"Bwana, mbona tangawizi yenyewe inakuchuruzika puani?" mmoja akauliza.

Siku hiyo nilinunua kwa kuonja, kama watu wa kawaida.